Kuendesha mashine za njia tatu kwa umeme wa nyumbani



Hapa Olasiti, pembeni mwa Jiji la Arusha, karakana ndogo mara nyingi huanzia uani kwa mtu. Yetu ya useremala ilianza hivyo hivyo. Tulikopa fedha katika kikundi chetu cha kuweka na kukopa, tukanunua mashine ya randa na msumeno wa meza, zote zimeshatumika Ulaya. Bei ilikuwa nzuri. Tulipozishusha ndipo tukagundua kuwa mota zake ni za umeme wa njia tatu, na nyumba tuliyopanga ina umeme wa njia moja.

Tulikuwa na oda ya madawati na marejesho ya mkopo yalikuwa yanakaribia. Kwa haraka tukaunganisha waya mbili tu kwenye mota ya randa. Ikaunguruma bila kuzunguka. Mmoja wetu akaisukuma puli kwa kipande cha mti, nayo ikazunguka, tukashangilia. Siku ya tatu, ubao mzito wa mgrevilea ulipoingia, mota ikatoa moshi. Tulilipa kuifunga upya koili, madawati yakachelewa, na mwezi ule marejesho yalitushinda. Pia tulimshukuru Mungu kwamba aliyesukuma puli bado ana vidole vyote. Haraka haraka haina baraka. Tunaandika somo hili ili wengine wasilipe ada tuliyolipa sisi.

Tofauti ni nini?

Umeme wa nyumbani Tanzania ni volti 230, nao hupanda na kushuka mara 50 kwa sekunde. Umeme wa njia tatu una waya tatu zenye moto, na kati ya waya moja na nyingine kuna volti 400. Kila waya hufikia kilele chake kwa zamu. Fikirini kina mama watatu wanaotwanga kinu kimoja: mchi mmoja ukishuka, mwingine unafuata, kinu hakipumziki. Zamu hizo ndizo zinazofanya nguvu ya sumaku izunguke ndani ya mota na kuuburuta mhimili. Kwa njia moja, nguvu ya sumaku hupanda na kushuka papo hapo bila kuzunguka. Ndiyo maana mota yetu iliunguruma tu. Ukiisukuma itazunguka, lakini koili chache zitabeba mzigo wa zote, na joto litaziunguza.

Hatua ya kwanza: someni kibati cha mota

Kabla ya kununua mashine iliyotumika, safisheni kibati kilicho ubavuni mwa mota, kisha mwandike daftarini kilowati, ampia na volti.

Kikisema 230/400 (au 220/380 kwa mota za zamani), hiyo ni habari njema. Mota hiyo hufanya kazi kwa volti 400 ikiunganishwa kwa nyota, na kwa volti 230 ikiunganishwa kwa pembetatu, yaani delta. Kubadilisha ni kuhamisha vipande vya shaba ndani ya kisanduku cha waya. Mota nyingi ndogo za Ulaya ziko hivi.

Kikisema 400/690, mota hiyo haitapata volti za kutosha kutoka umeme wa nyumbani kwa njia tulizoeleza hapa chini. Mota nyingine ikiwa inatoa waya tatu tu nje, ni fundi wa kufunga mota atakayeweza kuifungua na kutoa ncha zote sita.

Njia nne

1. Kapasita. Mota huunganishwa kwa delta. Waya wenye moto na waya wa nyutro huingia ncha mbili, na kapasita huunganishwa kati ya ncha ya tatu na mojawapo ya hizo mbili. Ukihamishia kapasita upande wa pili, mota hubadili mwelekeo wa kuzunguka. Kipimo cha kuanzia ni maikrofaradi 70 kwa kila kilowati. Mota ya kilowati 1.5 itahitaji kama 105. Kapasita iwe ya kufanya kazi muda wote, ya volti 400 au zaidi za umeme wa kupanda na kushuka. Njia hii ni rahisi kwa bei, lakini mota hubaki na takriban asilimia 70 ya nguvu zake, na huanza kwa udhaifu. Inafaa drili ya kusimama, feni au jiwe la kunolea. Haifai kompresa wala mashine ya kusaga.

2. Inveta ya mota. Hiki ni kifaa kinachopokea umeme wa njia moja, kinaunyoosha, kisha kinatengeneza njia tatu za volti 230. Msiichanganye na inveta ya sola ya kuwashia taa. Mota iwe kwenye delta. Inveta huianzisha mota polepole, kwa hiyo taa za jirani hazififii, na mwendo unaweza kupunguzwa. Kwa mota za hadi kilowati 2.2 ndiyo njia tunayoipendekeza. Mambo matatu ya kuzingatia: kila mota iwe na inveta yake, msiweke swichi ya kuwasha na kuzima kati ya inveta na mota, bali mtumie vitufe vya inveta yenyewe, na kifaa kilindwe na vumbi la mbao huku kikipata hewa. Tena msiiendeshe mota kwa mwendo mdogo sana kwa muda mrefu, maana feni yake nayo inapunguza kupuliza.

3. Mota ya kuzalisha njia ya tatu. Mota moja ya njia tatu, kubwa kuliko ile kubwa ya mashine zenu, huanzishwa kwa kapasita na kuachwa izunguke bila mzigo. Hiyo huzalisha njia inayokosekana, na mashine kadhaa huungwa kwake. Inafaa karakana yenye mashine nyingi ndogo, lakini ina kelele na hula umeme hata mkipumzika.

4. Kubadilisha mota. Wakati mwingine jibu rahisi ndilo bora: ondoeni mota, fungeni ya njia moja yenye nguvu na mwendo uleule. Linganisheni bei yake na ya inveta kabla ya kuamua.

Sisi tulifunga inveta kwenye msumeno wa kilowati 2.2, na mota ya njia moja kwenye randa.

Umeme wa nyumbani una kikomo

Hakuna kifaa kinachoongeza umeme unaoingia nyumbani. Mota ya kilowati 2.2 kupitia inveta inaweza kuvuta zaidi ya ampia 18 kutoka njia moja. Mota ya kilowati 7.5 itavuka ampia 40, wakati kwa njia tatu ingevuta kama 15 tu kwa kila waya. Kwa hiyo anayetaka mashine ya kusaga nafaka asipoteze fedha kwa vifaa hivi. Aende TANESCO aombe njia tatu. Angalieni kwanza nguzo za mtaani: laini ya njia tatu ikipita karibu, gharama ni tofauti na pale inapobidi kuivuta kutoka mbali. Hata mashine ndogo, waulizeni TANESCO, kwa sababu matumizi ya karakana si sawa na ya taa na redio, na daraja la bei linaweza kubadilika.

Usalama

Kazi ya kuunganisha ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Kila mashine iwe na waya wa ardhi, na kinga ya kuzima mota inapozidiwa, ikiwa imepangwa kwa ampia za kibati. Kapasita hubaki na umeme hata baada ya swichi kuzimwa. Ifungiwe kizuizi cha kuumaliza, na ipimwe kabla ya kuguswa. Kabla ya kufunga msumeno, hakikisheni mota inazunguka upande sahihi. Na kamwe mtu asianzishe mashine kwa mkono au kwa mti.

Maswali ya kujadili katika kikundi

• Mashine zetu zina kilowati ngapi, na ipi inahitaji kuanza na mzigo?
• Swichi kuu na waya wa nyumba yetu vinabeba ampia ngapi?
• Mashine ikiungua mwezi huu, nani atalipa, na marejesho ya mkopo yatatoka wapi?

Swali la mwisho sisi hatukujiuliza. Ninyi jiulizeni kabla ya kulipia mashine, si baada ya moshi.