Kabla ya Kumlipa Mshauri wa Uhamiaji: Mwongozo kwa Anayetafuta Kazi Kanada

Mwongozo huu ni wa dereva, fundi, muuguzi, mwalimu na mfanyakazi mwingine yeyote wa Afrika Mashariki anayefikiria kwenda kufanya kazi Kanada, na ambaye ameshaambiwa kwamba bila ajenti hatafika popote. Utamsaidia kuamua mambo mawili: kama sifa alizo nazo leo zinatosha, na kama kuna haja ya kumlipa mtu amwongoze. Mshauri wa uhamiaji huuza ujuzi wa sheria na kazi ya kuandaa makaratasi. Hauzi kazi, hauzi viza, na alama ambazo huna hawezi kukuongezea. Anayelielewa hilo mapema hujua lini alipe na lini fedha zake zibaki mfukoni.

1. Tenganisha wakala wa ajira na mshauri wa uhamiaji

Mtaani wote wawili huitwa "ajenti", na hapo ndipo fedha nyingi hupotelea.

Wakala wa ajira humtafutia mwajiri wafanyakazi. Ndiye anayefahamika sana na familia zilizopeleka vijana wao Saudia, Qatar au Omani. Huyu husajiliwa hapa nyumbani: Kenya, leseni yake hutolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira (NEA); Tanzania Bara, mawakala binafsi husimamiwa na wizara yenye dhamana ya kazi.

Mshauri wa uhamiaji hushughulikia ombi lako mbele ya serikali ya nchi unakokwenda, na ruhusa yake hutoka huko. Kwa sheria ya Kanada, anayeweza kupokea malipo kwa kazi hiyo ni mwanasheria au msaidizi wa sheria aliyesajiliwa na chama cha wanasheria cha jimbo la Kanada, notari wa Quebec, au mshauri mwenye leseni ya College of Immigration and Citizenship Consultants, chombo kilichoanza kazi Novemba 2021. Ndugu au rafiki anaweza kukusaidia bila malipo. Mwingine yeyote anayekutoza kwa ushauri huo anavunja sheria.

Leseni moja haifanyi kazi ya nyingine. Ofisi yenye cheti cha NEA ukutani haijapata kwa cheti hicho idhini ya kukutoza ada ya uhamiaji wa Kanada.

2. Jipimie mwenyewe kwanza

Njia zinazotajwa zaidi ni mbili. Ya kwanza ni Express Entry, mfumo ulioanza 2015, ambao humpeleka mwenye ujuzi moja kwa moja kwenye ukaaji wa kudumu. Ya pili ni kibali cha kazi kinachotegemea mwajiri aliye Kanada.

Kwa wengi wanaoomba kutoka nje, mlango wa Express Entry ni mpango wa wafanyakazi wenye ujuzi wa serikali kuu. Kizingiti chake ni alama 67 kati ya 100, na jedwali la alama liko wazi kwenye tovuti ya serikali. Chukua kalamu.

Tuseme yupo dereva wa lori wa njia ya Mombasa hadi Malaba, umri wa miaka 32, kidato cha nne, miaka minane barabarani. Tangu Novemba 2022 kazi yake imo katika zinazokubaliwa. Umri unampa alama 12, elimu ya sekondari 5, uzoefu wa miaka sita na zaidi 15. Akifanya mtihani wa Kiingereza vizuri kabisa anapata 24. Jumla 56. Amepungukiwa alama 11. Ofa halali ya kazi yenye masharti yanayotakiwa ingemwongezea 10, na nyingine 5 za kumudu maisha mapya, afike 71. Kwa hiyo anachokosa huyu ni mwajiri, na hakuna ada ya mshauri inayoweza kuziba pengo hilo.

Sasa mchukue mwalimu mwenye shahada, umri wa miaka 34, uzoefu wa miaka minne: 12 za umri, 21 za elimu, 13 za uzoefu. Kiingereza chake kiko ngazi ya 8 ya kipimo cha lugha cha Kanada katika stadi zote nne, yaani alama 20. Jumla 66. Amekosa moja! Akipanda ngazi moja katika stadi moja tu, tuseme kuandika, anafika 67. Fedha alizotaka kumpa mshauri zingefaa zaidi kulipia darasa la kuandika na kurudia mtihani.

Kuvuka 67 hakumalizi kazi. Wasifu wako huingia katika kundi la waombaji wanaopangwa upya kwa alama nyingine, na wanaoalikwa ni wa juu. Katika upangaji huo wa pili, ofa ya kazi haitoi alama tena tangu 25 Machi 2025. Anayekuuzia "ofa ya kupandisha alama" anauza bidhaa iliyokwisha muda. Kifaransa, kwa upande wake, kina uzito: tangu 2023 hufanyika mialiko ya wanaokijua. Msomaji wa Bujumbura, Lubumbashi au Goma aliyesoma kwa Kifaransa anao mtaji mkononi, na aupime kwa mtihani unaotambuliwa.

Kufungua wasifu ni bure. Gharama zako za mwanzo ni mtihani wa lugha, ambao matokeo yake hudumu miaka miwili, na tathmini ya vyeti vya elimu ya nje. Wasifu hudumu miezi 12, na ukialikwa unapewa siku 60 kukamilisha ombi. Muuguzi na wengine wenye taaluma zinazodhibitiwa wakumbuke pia kwamba leseni ya taaluma hutolewa na chombo cha jimbo, mbali kabisa na viza.

3. Ofa ya kazi: isome mstari kwa mstari

Kazi zilizotangazwa rasmi hupatikana kwenye Job Bank, tovuti ya serikali ya Kanada, bila malipo. Kwa kazi nyingi, mwajiri anayetaka kumchukua mtu kutoka nje lazima kwanza apate idhini iitwayo LMIA, inayothibitisha kwamba ajira hiyo haitaliumiza soko la kazi la huko. Ada yake ni dola 1,000 za Kanada. Mwajiri ndiye mlipaji, na sheria inamkataza kuirudisha kutoka kwa mfanyakazi. Haruhusiwi pia kumtoza mfanyakazi huyo ada ya kumtafutia kazi, yeye mwenyewe wala kupitia wakala.

Barua za uongo zinazozunguka kwenye WhatsApp hufanana. Barua ina nembo ya shamba la matunda. Anwani yake ya barua pepe inaishia na gmail. Mshahara umetajwa kwa mwezi, mnono, bila saa za kazi, ilhali ofa za kweli za kazi kama hiyo kwa kawaida hutaja malipo kwa saa. Hakuna aliyekufanyia usaili. Inasema LMIA imeshatoka, lakini namba yake haipo. Mwishoni inakuomba dola 1,000 za LMIA, "utarudishiwa ukifika". Hapo barua imejifunga yenyewe: ada hiyo si yako, na zaidi ya hapo, kazi za moja kwa moja za shambani zimesamehewa ada ya LMIA.

Unachoilipa serikali wewe mwenyewe kwa kibali cha kazi ni dola 155 za ombi na dola 85 za alama za vidole na picha. Unazilipa mtandaoni, kupitia akaunti yako. Vipimo vya afya hufanywa na daktari aliyeidhinishwa na Kanada, naye hulipwa moja kwa moja.

4. Wakati wa kujifanyia, wakati wa kulipia

Serikali ya Kanada haiharakishi wala haipendelei faili kwa sababu lina mshauri. Jifanyie mwenyewe ikiwa historia yako ni nyoofu, nyaraka zako zinaafikiana, unasoma Kiingereza au Kifaransa bila shida, na una subira ya kufuata orodha ya vielelezo.

Tafuta mshauri au mwanasheria iwapo:
- umewahi kunyimwa viza ya nchi yoyote, au ulizidisha muda wa kukaa;
- umewahi kushtakiwa au kuhukumiwa;
- majina au tarehe za kuzaliwa zinatofautiana kati ya cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na pasipoti;
- unasafiri na mtoto ambaye mzazi wake mwingine hasafiri;
- kuna ugonjwa unaoweza kuzua maswali.

Katika mambo hayo kosa dogo hugharimu sana. Taarifa ya uongo au iliyofichwa huweza kukufungia mlango wa Kanada kwa miaka mitano, hata kama iliandikwa na mtu mwingine, maana ombi ni lako na wewe ndiwe unayewajibika.

Ipo pia njia ya katikati ambayo wengi hawaiulizi: kulipia mazungumzo ya mara moja, au kumlipa mshauri apitie tu faili ulilojaza mwenyewe.

5. Mhakiki kabla ya kusaini

- Tafuta jina lake kwenye rejista ya umma ya College. Namba ya leseni huanza na herufi R ikifuatwa na tarakimu. Hakikisha leseni ni hai.
- Mpigie kwa mawasiliano yaliyo kwenye rejista. Yaliyo kwenye kadi aliyokupa hayatoshi, kwa kuwa matapeli huazima majina na namba za washauri halisi.
- Ofisi ikikuambia inafanya kazi na "mshauri wetu wa Toronto", omba kuzungumza naye kwa video. Mkataba usainiwe na yeye, wala usitosheke na sahihi ya karani wa mapokezi.
- Mkataba uandike kazi atakayofanya, ada, awamu za malipo, masharti ya kurudishiwa fedha na namna ya kulalamika.
- Jina lake liingie kwenye fomu IMM 5476, ya kumtambulisha mwakilishi. Anayekwambia "tusitaje jina langu, faili litaenda haraka" ni mshauri wa mafichoni. Mambo yakiharibika hutampata popote.
- Barua pepe na nenosiri viwe vyako. Wapo wanaofungua akaunti kwa jina la mteja na kukaa na nenosiri. Mteja huambiwa miezi na miezi kwamba faili "linashughulikiwa", wakati barua ya kukataliwa ilishafika zamani.
- Muulize: "Nini kinaweza kukwamisha ombi langu?" Mjuzi wa kweli atakuwa na jibu. Anayekujibu "Dada, nafasi zimebaki tatu, lipa leo" amekwisha kujieleza.

6. Fedha na kumbukumbu

Mali bila daftari huisha bila habari. Lipa kwa awamu, kadiri kazi inavyokamilika, na kwa akaunti ya ofisi iliyotajwa kwenye mkataba. Usitume kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Dai risiti kila mara, na ada za serikali zitenganishwe na ada ya mshauri. Weka nakala ya kila ukurasa uliowasilishwa kwa jina lako, na usisaini fomu yenye nafasi tupu. Usiuze shamba wala kuchukua mkopo wa SACCO kwa ahadi ambayo hujaihakiki.

7. Ukiwa umeshaingizwa mtegoni

Kusanya risiti, jumbe na namba, kisha uripoti polisi. Kama aliyekutapeli ni wakala wa ajira, ipe taarifa pia mamlaka iliyomsajili. Kama ni mshauri mwenye leseni, lalamika kwa College. Ukigundua kwamba nyaraka za uongo zimewasilishwa kwa jina lako na uamuzi haujatoka, usisubiri bahati: tafuta mwanasheria mara moja, ukweli uwasilishwe kabla ofisa hajaugundua mwenyewe.

Dereva wetu wa Malaba, akishapiga hesabu yake, ataona kwamba kwa sasa hana cha kumlipia mshauri. Anaomba kazi, anaboresha Kiingereza, anaweka akiba. Siku mwajiri wa kweli atakapomwandikia, atakuwa na sababu ya kulipia saa moja ya mjuzi, wakae na ile ofa waisome yote kabla hajarudisha funguo za lori.