Lugha ya Mlangoni: Kiswahili na Huduma za Kujihudumia Mtandaoni kwa Wanafunzi wa Vyuo Vikuu, Mfano wa Mtaa wa Eastleigh, Nairobi

Ikisiri

Makala hii inachunguza nafasi ya Kiswahili katika tovuti ambazo wanafunzi wa vyuo vikuu nchini Kenya huzitumia kujihudumia: kusajili kozi, kusoma taarifa za karo, kutazama matokeo na kuomba mikopo. Mtaa wa Eastleigh, jijini Nairobi, unatumiwa kama mfano kwa sababu ni mahali ambapo lugha kadhaa hukutana katika nyumba moja. Hoja kuu ni kwamba sehemu kubwa ya data ya mwanafunzi huhifadhiwa kwa tarakimu na misimbo isiyo na lugha. Lugha huingia mlangoni, pale data hiyo inapoonyeshwa kwa mwenyewe. Hivyo basi, kuufungua mlango huo ni kazi ya wataalamu wa lugha sawa na ilivyo kazi ya wataalamu wa mitambo, na kazi hiyo haikamiliki kwa kubadilisha neno moja kwa jingine.

1. Utangulizi

Kwa miaka mingi kumbukumbu za mwanafunzi wa chuo kikuu zilikaa nyuma ya dirisha. Katika nchi zilizoendelea, vyuo vilitumia tarakilishi kuu, mashine za aina ya System/360 ambayo kampuni ya IBM iliitangaza mwaka 1964. Mashine hizo zilijaza chumba kizima na kuhudumiwa na mafundi wachache. Kwingineko kumbukumbu zilikuwa kwenye majalada, na baadaye kwenye tarakilishi ndogo ya ofisini. Iwe mashine ilijaza chumba au ilikaa juu ya meza ya karani, utaratibu ulikuwa mmoja: mwanafunzi alipanga foleni, akauliza, naye karani akamsomea kilichoandikwa.

Mtandao ulipoenea kuanzia miaka ya 1990, vyuo vilianza kuitoa data hiyo ndani na kumwekea mwanafunzi mlango wake mwenyewe. Leo mwanafunzi wa Kenya husajili kozi, hupata kadi ya mtihani na husoma matokeo yake kwa simu. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB), iliyoundwa mwaka 1995, hupokea maombi kupitia mtandao. Vivyo hivyo, shirika la KUCCPS, lililoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, huwagawia wanafunzi nafasi za masomo kwa njia hiyo hiyo.

Foleni imepungua, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Hata hivyo, kuna kitu kilichoondoka pamoja na foleni. Karani aliweza kuulizwa, tena kwa Kiswahili. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini skrini haiulizwi. Kila kilichokuwa kikifafanuliwa kwa mdomo dirishani sasa hutegemea maneno machache yaliyoandikwa, na maneno hayo kwa kawaida ni ya Kiingereza.

2. Eastleigh: nyumba moja, lugha kadhaa

Eastleigh, au Isli kama wakazi wanavyoiita, imo katika eneo bunge la Kamukunji, mashariki ya katikati ya jiji. Katika enzi ya ukoloni wengi wa wakazi wake walikuwa Waasia. Baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, Wasomali wengi walihamia mtaani humo na kuungana na Wasomali Wakenya waliokuwepo tangu zamani. Nyumba ya wageni ya Garissa Lodge ikageuka soko, na baada yake yakainuka majengo mengi ya maduka. Humo humo wanaishi na kufanya kazi Waoromo, Wakikuyu, Wakamba, Wameru na wengineo. Bei hupatanwa kwa Kiswahili, mzigo hubebwa kwa Kiswahili, na makanga huita abiria kwa Kiswahili kilichochanganyika na Sheng.

Katika mazingira haya si ajabu familia moja kuwa na bibi asomaye Kisomali kwa hati ya Kilatini iliyorasimishwa mwaka 1972, baba aliyejifunza biashara yake yote kwa Kiswahili, na binti aliyesoma kwa Kiingereza hadi chuo kikuu. Binti huyo anapofungua tovuti ya chuo, haifungui peke yake. Karo ni ya baba. Mdhamini wa mkopo ni mjomba. Maswali kuhusu mapato ya nyumba hayawezi kujibiwa bila wazee.

Pale ambapo familia inakwama, saiba hushika nafasi ya karani. Katika vibanda vingi vya saiba jijini Nairobi hubandikwa matangazo ya kusaidia maombi ya HELB, KUCCPS na huduma za serikali. Mhudumu hujaza fomu, huipiga chapa na hulipwa ada yake. Wengi wao ni watu waaminifu na msaada wao ni mkubwa. Hata hivyo, ili asaidiwe, mwanafunzi hulazimika kutaja namba ya kitambulisho, hali ya familia na mara nyingine hata nenosiri lake. Huduma iliyoitwa ya kujihudumia inageuka huduma ya kuhudumiwa na mtu baki. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka mtu aridhie matumizi ya data yake huku akielewa anachokiridhia. Ni vigumu kusema kwamba mzazi ameelewa ukurasa ambao hakuusoma.

3. Maneno yanayopoteza fedha

Yaweza kudhaniwa kwamba dawa ni kutafsiri tu. Mifano mitatu inaonyesha kwamba tafsiri isiyozingatia muktadha inaweza kudhuru kuliko Kiingereza chenyewe.

Mfano wa kwanza ni neno salio. Katika taarifa ya karo, safu ya mwisho huonyesha kiasi ambacho mwanafunzi bado anadaiwa. Mfasiri mwenye haraka ataiita salio. Lakini tangu M-Pesa ilipoanzishwa na Safaricom mwezi Machi 2007, Mkenya amezoea kwamba salio ni fedha alizo nazo. Mzazi akisoma “Salio: 24,000” anaweza kuamini kwamba chuo kimemwekea akiba ya shilingi 24,000, kumbe ndicho kiasi kitakachomzuia mwanawe kuingia katika chumba cha mtihani. Tatizo huzidi pale ambapo mfumo huonyesha malipo ya ziada kwa alama ya kutoa: aliyezidisha malipo hujiona mdaiwa. Kiswahili kina maneno ya kutenganisha hali hizi bila utata: “Deni la karo” na “Malipo ya ziada”. Kinachohitajika ni mfasiri anayefahamu kile tarakimu inachokisema, si jina la safu pekee.

Mfano wa pili ni neno mapato. Mwaka 2023 serikali ya Kenya ilianzisha mfumo mpya wa ufadhili wa elimu ya juu, ambapo mwanafunzi aliomba ruzuku na mkopo kupitia tovuti, na hali ya kiuchumi ya familia ilizingatiwa katika kuamua kiwango cha msaada. Chukua mfano wa kijana ambaye baba yake anauza nguo Eastleigh. Kijana anamuuliza, “Dukani unaingiza pesa ngapi kwa mwezi?” Baba anataja mauzo. Kijana anaandika kiasi hicho kama mapato. Gharama ya bidhaa, kodi ya duka na mshahara wa msaidizi hazikutajwa, kwa hiyo familia inaonekana tajiri katika kumbukumbu za serikali. Hakuna aliyedanganya. Kiswahili hutofautisha vyema mauzo, mapato, faida na mshahara, na sentensi moja tu ingetosha: “Andika kiasi kinachobaki baada ya kutoa gharama za biashara.”

Mfano wa tatu ni jozi ya vitenzi hifadhi na wasilisha. Fomu nyingi za mtandaoni huwa na vitufe viwili. Kimoja huweka majibu ili mwombaji aendelee baadaye, na cha pili huyapeleka kwa wahusika. Anayebonyeza cha kwanza na kuondoka huamini kwamba ameomba, na siku ya mwisho humpita. Hapa Kiswahili cha M-Pesa kina somo la kufundisha. Menyu yake, ambayo mteja huweza kuichagua kwa Kiingereza au Kiswahili, imejengwa kwa vitenzi vifupi vya kuamuru: tuma pesa, toa pesa, lipa. Kwa mtindo huo, vitufe hivyo viwili vingesomeka “Weka, nitaendelea baadaye” na “Tuma ombi”.

4. Upatanisho wa kisarufi ndani ya mfumo

Tatizo jingine linahusu sarufi, na ndilo linalowahitaji zaidi wanafunzi wa Kiswahili. Programu hutunga sentensi kwa kupachika tarakimu kutoka katika hifadhidata ndani ya kiunzi kilichoandikwa mapema. Katika Kiingereza, mara nyingi hutosha kubadilisha nomino kutoka umoja hadi wingi. Katika Kiswahili, nomino huburuta kitenzi:

Kozi 1 imesajiliwa. Kozi 6 zimesajiliwa.
Ombi 1 limepokewa. Maombi 3 yamepokewa.
Mdhamini 1 ameongezwa. Wadhamini 2 wameongezwa.

Mtaalamu wa mitambo asiyejua ngeli atatumia kiunzi kimoja kwa hali zote, na mfumo utaandika “Ombi 3 limepokewa”. Kosa hilo halizuii maana, lakini humfanya msomaji aone kwamba Kiswahili kimewekwa kwa kuridhisha tu, naye hurudi kwenye Kiingereza asichokielewa vizuri. Kuna njia mbili za kuliepuka. Ya kwanza ni kuandaa viunzi viwili kwa kila ngeli. Ya pili, iliyo rahisi zaidi, ni kuigeuza sentensi kuwa kichwa na idadi: “Idadi ya kozi zilizosajiliwa: 6”, “Idadi ya maombi yaliyopokewa: 3”. Maarifa ya darasa la sintaksia yanapata hapa matumizi ambayo wengi hawakuyatarajia.

5. Je, kuna haja?

Wapo watakaosema kwamba mwanafunzi wa chuo kikuu anajua Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha anayofundishiwa. Hoja hii ina ukweli, lakini inasahau kwamba data ya karo na mikopo ni ya familia nzima. Wengine watasema kwamba Kiswahili hakina istilahi za kompyuta. Hoja hii ilikwisha kujibiwa kwa vitendo. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Maneno kama tovuti, barua pepe, pakua na bofya yamekwisha kuzoeleka. Palipo na ushindani wa istilahi, kama vile nywila na nenosiri, kigezo kiwe msomaji: nenosiri hujieleza lenyewe kwa anayelikuta kwa mara ya kwanza.

Zaidi ya hayo, Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola. Haki ya pili hupungua thamani pale ya kwanza inaposahauliwa.

6. Mapendekezo na hitimisho

Kwanza, vyama vya Kiswahili vyuoni viunde vikundi vya kutafsiri kurasa za kujihudumia, kwa kushirikiana na idara za kompyuta. Kwa kuwa misimbo iliyohifadhiwa ndani haibadiliki, kazi ni ya maandishi ya mlangoni tu, nayo inaweza kuanza na kurasa tatu: karo, usajili na matokeo. Pili, kila tafsiri ijaribiwe kwa kusomwa na mzazi, wala si na mhadhiri peke yake. Mzazi aulizwe, “Hapa unadaiwa au unadai?” Akikosea, tafsiri irekebishwe. Tatu, walimu wa tafsiri na isimu wawape wanafunzi kazi za aina hii kama mazoezi ya kawaida ya darasani.

Tarakilishi kuu ilitunza rekodi ya mwanafunzi bila yeye kuiona. Mtandao umemwezesha kuiona. Hatua iliyobaki ni kumwezesha baba wa Eastleigh, jioni baada ya kufunga duka, kuishika simu ya binti yake, kusoma mstari mmoja na kujua kwa hakika kiasi anachopaswa kulipa kabla ya siku ya mtihani. Hatua hiyo iko mikononi mwa wasomi wa Kiswahili.