KUPASUA MBAO SHAMBANI: HESABU MAGOGO KABLA YA KUCHAGUA MASHINE



Katika mashamba ya makazi ya Nakuru, Njoro, Molo na Nyandarua kuna miti mingi iliyopandwa mipakani na kando ya maboma. Mingi ni saipresi, grevilea na mikaratusi. Miti hiyo ni akiba, kama ng'ombe aliye zizini. Lakini wako wakulima wanaoiuza ikiwa bado imesimama, kwa bei anayotaja mnunuzi, na faida yote ya mbao huondoka na lori.

Soko haliko mbali. Huko Kaptembwo, upande wa magharibi wa jiji la Nakuru, watu wanajenga, na mafundi hutaka mbao za mbili kwa mbili, tatu kwa mbili, nne kwa mbili na sita kwa moja. Fundi hanunui mti. Hununua mbao kwa futi, na huikataa ikiwa ni nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Tena, mwaka 2018 Serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, wanunuzi wengi waligeukia miti ya mashambani. Tangu hapo wakulima wengi wametambua kwamba miti yao ni mali.

Basi somo letu la mwezi huu ni hili: ni mashine gani inayofaa kupasua mbao zako, na je, uinunue au uikodi?

NJIA YA MSUMENO

Kila msumeno ukipita katika gogo hula mbao kidogo na kuitoa kama unga. Nafasi hiyo tutaiita njia ya msumeno. Njia pana ni hasara, kama kumwachia mwenye kinu kibaba kimoja cha mahindi kila unapokwenda kusaga.

Tuchukue mfano. Una gogo lililokwisha kuchongwa mraba, inchi 10 kila upande, na unataka mbao za unene wa inchi moja.

Pawa soo ina njia ya karibu inchi 3/8. Utapata mbao 7.

Msumeno wa duara una njia ya karibu robo inchi. Utapata mbao 8.

Msumeno wa ukanda una njia ya karibu sehemu moja ya kumi ya inchi. Utapata mbao 9.

Gogo ni lile lile, lakini tofauti ni mbao 2. Sasa tuseme una miti 60, na kila mti unatoa magogo 2 ya ukubwa huo. Hayo ni magogo 120. Ukipasua kwa pawa soo badala ya msumeno wa ukanda, mbao 240 zitalala chini kama unga. Ulizitunza miaka 25, na sasa utazifagia.

AINA ZA MASHINE

1. Pawa soo ya mkono mtupu. Ni rahisi kubeba na huingia hata kwenye bonde ambako trekta haifiki. Lakini mkono wa mtu huchoka, na mbao hutoka na mawimbi. Fundi wa Kaptembwo ataiona mara moja na kupunguza bei. Njia hii ifuate tu kama huna nyingine.

2. Pawa soo yenye fremu. Hii ni pawa soo ile ile, lakini imefungwa katika fremu ya chuma inayotembea juu ya ubao ulionyooka. Bado inakula mbao nyingi, lakini unene unakuwa sawa. Bei ya fremu si kubwa. Humfaa mkulima mwenye miti michache, au mwenye gogo nene lisiloweza kuhamishwa.

3. Benchi la msumeno wa duara. Huendeshwa kwa trekta au kwa injini, na hufanya kazi upesi. Lakini msumeno wa duara hukata kina kisichofika nusu ya upana wake, kwa hiyo gogo nene halipiti mpaka lipunguzwe kwanza. Tena gogo husukumwa kwa mikono kuelekea kwenye meno. Benchi lisilo na kifuniko cha msumeno wala cha mkanda wa trekta lisiruhusiwe kuingia shambani mwako. Mkono uliokatwa haununuliwi kwa mbao.

4. Msumeno wa duara unaogeuzwa. Mashine hizi hutengenezwa Australia na New Zealand. Reli huwekwa pande mbili za gogo, na msumeno hukata kwa kulala kisha kwa kusimama, mpaka mbao itoke. Gogo halihamishwi. Hufaa kwa mikaratusi mikubwa, lakini bei yake ni kubwa kwa mtu mmoja.

5. Msumeno wa ukanda. Gogo hulala juu ya reli, na kichwa chenye injini hupita juu yake. Kampuni ya Wood-Mizer ya Marekani ilianza kuuza mashine yake ya kuhamishika ya aina hii mwaka 1982, na sasa zinatengenezwa na kampuni nyingi. Huupa mti mmoja mbao nyingi kuliko mashine nyingine zote tulizotaja. Lakini hutaka mahali palipo sawa, mtu aliyefundishwa, na kanda za akiba. Ukanda butu hupinda ndani ya gogo na kuharibu mbao.

UNUNUE AU UKODI?

Mkulima mwingi huanza kwa kuuliza bei ya mashine. Aanze kwa kuhesabu magogo yake.

Tuseme, kwa mfano tu, mashine ni shilingi 600,000. Ukishalipa mafuta, vibarua na kunoa, inakuokolea shilingi 300 kwa kila gogo ukilinganisha na kukodi. Gawa 600,000 kwa 300. Utaona kwamba lazima upasue magogo 2,000 ndipo fedha zako zirudi. Wewe una magogo 120 tu. Utahitaji wakulima 17 kama wewe! Kwa hiyo mashine kubwa ni ya chama cha ushirika au ya kikundi chenye miti mingi, na tena chenye miche inayokua nyuma yake. Mtu mmoja mwenye eka 5 afadhali akodi. Fanya hesabu hii kwa bei utakazopewa wewe mwenyewe.

Ukikodi, patana mbele ya mashahidi. Lipa kwa futi ya mbao iliyo nzuri, si kwa mti wala kwa siku. Mpatane nani atanunua mafuta, na mabanzi ni ya nani. Mabanzi ni kuni na ukuta wa zizi, usiyape bure.

KABLA MSUMENO HAUJAGUSA GOGO

Kwanza, tafuta misumari. Miti ya mpakani mara nyingi imemeza waya wa seng'enge na misumari ya ua wa zamani. Chuma kimoja hukata ukanda na kuharibu meno ya duara. Kagua hasa futi 5 za chini.

Pili, mwone ofisa wa Shirika la Huduma za Misitu (KFS). Mbao hazisafirishwi barabarani bila kibali, hata zikiwa za shamba lako.

Tatu, mkaratusi ukishaanguka upasue mapema, maana hupasuka wenyewe miisho. Kata mara upande huu, mara upande wa pili, ili mbao zisipinde.

Nne, funika pua na mdomo. Unga wa grevilea huwasha ngozi za watu wengine. Watoto wakae mbali.

Tano, mbao mbichi usizilaze chini. Zipange kivulini juu ya magogo, ukiweka vijiti vya unene mmoja kati ya safu na safu, kijiti juu ya kijiti, na uzito juu. Mbao iliyokauka vizuri hainyongoroki, na ndiyo inayomrudisha mnunuzi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kikundi chenu, ni miti mingapi iliyo tayari kupasuliwa mwaka huu? Na miaka 5 ijayo?

2. Magogo yenu mengi yana upana gani? Je, yatapita katika benchi la msumeno wa duara?

3. Nani kati yenu anajua kunoa msumeno? Kama hakuna, nani atakwenda kujifunza?

4. Kwa kila mti mtakaoukata, mtapanda miche mingapi, na wapi?

Jibuni maswali haya kwanza, kisha ndipo mwite mwenye mashine. Atakuta wakulima wanaojua hesabu ya miti yao.