MBABULA GANI KWA NYUMBA YENU: YA UDONGO AO YA PELETI?

Ukurasa wa usalama na afya leo unaingia jikoni. Kwenye dispansere wamama wanatuuliza: mbabula yetu ya bati imeoza, sasa tununue gani? Ile yenye udongo ndani, ambayo watu wanasema inakula makala kidogo? Ao ile ya peleti, yenye pepeo ndogo inayopuliza moto?

Tutajibu. Lakini muelewe tangu mwanzo kwamba hesabu ya makala ni jambo la pili. Jambo la kwanza ni hewa mnayovuta. Na tunaandika sasa kwa sababu ya baridi. Kwetu Katanga, katika mwezi wa sita na wa saba, usiku joto linashuka mpaka digrii 10 na mara nyingine chini yake. Ndiyo miezi ambayo mbabula inatoka kwenye lupango na kuingia katika chumba cha kulala.

MBABULA YA UDONGO

Mbabula ya bati mnaijua vizuri. Joto lake jingi linapita kwenye ubavu na kupotea. Linachoma miguu ya mpishi, sufuria inapata yaliyobaki. Katika mbabula ya udongo, ndani ya bati kuna chungu kilichochomwa kwa moto. Chungu kinashika joto na kulirudisha kwa makala na kwa sufuria. Mafundi wa Kenya waliitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakifuata mfano wa jiko la ndoo la Thailand. Kutoka kule imeenea katika inchi nyingi za Afrika. Hata kwetu Kongo, upande wa Goma, mafundi walisaidiwa na WWF kutengeneza ya namna yake, jina lake Jiko Bora, kwa sababu makala mengi ya mji ule yalikuwa yanatoka kwa miti ya mbuga ya Virunga.

Faida yake ni ya kweli. Kwa kawaida mbabula hiyo inapunguza makala kati ya robo na nusu, kwa kadiri ya ufundi wa mwenye kuitengeneza na uangalifu wa mwenye kupika. Tuseme nyumba yenu inamaliza mfuko mmoja wa makala katika siku 20. Mkipunguza theluthi moja, mfuko ule ule utafika siku 30. Kila baba wa jamaa anaweza kuhesabu mwenyewe, kwa bei ya soko lake, ni siku ngapi mpaka mbabula irudishe feza yake.

Msinunue kwa kuangalia rangi. Gongeni chungu kwa kidole: kizima kinalia, chenye ufa sauti yake imekufa. Tazameni nafasi kati ya chungu na bati, inapaswa kujazwa na kushikamana vizuri. Fungueni na kufunga mlango mdogo wa chini, maana mlango usiofunga hauwezi kupunguza moto. Siku ya kwanza washeni moto kidogo tu ili udongo ukauke polepole. Na kuzima makala kwa kumwaga maji juu yake, ile desturi ya zamani, acheni kabisa: chungu cha moto kikipata maji baridi kinapasuka.

HEWA ISIYO NA MOSHI

Hapa tunaomba mtusikilize vizuri, hata ninyi wanaume ambao hampiki.

Watu wengi wanasema: makala yakishaiva na kuwa mekundu, moshi umekwisha, hatari imekwisha. Ni uongo. Makala mekundu yanatoa hewa ya sumu ambayo waganga wanaiita monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haichomi macho. Hewa nzuri inaingia chini ya mbabula na kuungana na makala. Halafu inapanda katikati ya makala mengine ya moto, na huko juu inageuka kuwa ile sumu. Mmeona miali ya buluu inayocheza juu ya makala? Ni sumu hiyo inayoungua. Ile isiyoungua inaingia nyumbani.

Damu yetu inabeba oksijeni. Lakini damu inapenda monoksidi kupita oksijeni zaidi ya mara 200. Kwa hiyo sumu kidogo tu inakamata viti vyote, kama watu waliojaza lori na kuwaacha wafanyakazi kando ya barabara. Moyo na ubongo vinabaki na njaa. Mtu anasikia kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea. Akiwa amelala, hasikii kitu. Anapita kutoka usingizi mpaka kifo bila kuamka.

Ninyi wa chini ya ardhi mnajua sheria: baruti ikipasuka, hakuna mtu anayerudi mahali pale mpaka hewa imesafishwa na kupimwa. Hakuna kapita atakayekubali mwingie kwa sababu eti hamuoni moshi. Katika ile hewa ya baruti kuna monoksidi, ni sumu ile ile ya mbabula. Sasa baba anayengojea hewa kazini, namna gani usiku anafunga mlango na dirisha, anaziba matundu kwa sababu ya baridi, na kulala na watoto wake karibu na makala?

Na mbabula ya udongo, ambayo tumeisifu, hapa ina hatari yake. Kwa kuwa chungu kinashika joto, makala yanaendelea kuwaka polepole saa nyingi baada ya chakula kuiva. Mlango wa chini ukifungwa yanakaa zaidi. Mama anaona moto mzuri umebaki, anahurumia kuupoteza, anaupeleka chumbani. Faida ya mchana inakuwa mtego wa usiku. Mbabula inayokula makala kidogo inatoa sumu kidogo wakati wa kupika, lakini hakuna mbabula ya makala, ya bati wala ya udongo, inayofaa kulala nayo.

Kuna dawa za uongo ambazo tunazisikia: kuweka bakuli ya maji kando ya mbabula, kufunika makala kwa majivu, kuiweka chini ya kitanda kwa mawazo kwamba hewa mbaya inabaki chini. Maji hayakamati monoksidi. Majivu yanaficha moto tu, makala yanaendelea kuungua chini yake. Na sumu hiyo haikai chini, inajichanganya na hewa ya chumba chote.

MBABULA YA PELETI

Peleti ni vidonge vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa kwa mashini. Unene wa kidonge kimoja ni kama milimita 6 ao 8. Mbabula yake ni kama ndoo nyembamba ya chuma. Pepeo inayoendeshwa na betri inapuliza hewa chini ili vidonge vitoe gazi, na hewa ingine juu ili ile gazi iungue yote. Ndiyo sababu moto wake ni safi. Katika Rwanda, mji wa Gisenyi unaopakana na Goma, jamaa nyingi zilipika hivyo miaka ya 2010. Wataalamu waliopima ndani ya nyumba zao walikuta kwamba, ikitumiwa vizuri, mbabula hiyo inakaribia jiko la gazi kwa usafi.

Ikitumiwa vizuri, tumesema. Ukiwasha kwa petroli ya taa, ao betri ikikufa katikati, moshi unarudi wote. Na miali ikishakwisha, chini yanabaki makala madogo mekundu, nayo yanatoa monoksidi sawasawa na makala ya sokoni. Kwa hiyo hata hiyo haiingii chumba cha kulala.

Tena kuna mambo ya jikoni ambayo muuzaji hatasema. Mbabula nyingi za namna hiyo zinajazwa mara moja, zinawaka kama saa moja, na si vyepesi kuongeza peleti katikati. Kwa sombe ya haraka ao chai ya asubuhi, vizuri sana. Kwa maharagi ni shida. Na bukari! Mama anayesonga bukari anaegemea sufuria kwa nguvu zote. Ndoo ndefu na nyembamba inaweza kuanguka pamoja na maji ya moto. Kama haina miguu mipana na mikono ya kushikia sufuria, muikatae.

Feza je? Kilo kwa kilo, makala yana joto kupita peleti: kilo 6 za makala ni karibu sawa na kilo 10 za peleti. Lakini mbabula ya pepeo inapoteza kidogo, kwa hiyo tofauti inapungua. Na kilo moja ya makala ya shimo la udongo imekula kilo 5 za miti, mara nyingi zaidi. Wazee wetu wanakumbuka mahali pori lilipoanza zamani, karibu na miji yetu. Leo lori la makala linatoka mbali sana.

Swali kubwa ni hili: peleti mtazipata wapi mwezi ujao? Mbabula isiyo na peleti ni ndoo tu. Zinahitaji mashini, umeme na muuzaji asiyechoka. Na peleti zikipata maji ya mvua zinavimba na kuwa unga tena, basi zihifadhiwe juu ya ubao, mahali pakavu. Mfuko mmoja nyumbani hauna neno. Lakini akiba kubwa iliyofungiwa mahali pasipo hewa inatoa monoksidi yenyewe, hata bila moto. Mwaka 2006, katika bandari ya Helsingborg, Uswidi, baharia mmoja alikufa aliposhuka katika meli iliyobeba peleti.

Wengine wenu wameona kwa wageni majiko makubwa ya kuchomea nyama, moja ya udongo mnene yenye kifuniko kama yai, na ingine ya peleti kutoka Marekani, inayojilisha yenyewe kwa umeme. Michopo inaiva vizuri kwa yote mbili. Ya udongo inangoja kwa saa nyingi hata umeme ukikatika, ile ingine inasimama. Sheria ya hewa haibadiliki: zinakaa inje, si katika karakani wala chini ya baraza iliyozibwa.

BASI, TUNUNUE GANI?

Kama nyumba yenu inapata umeme wa kutosha, resho ya umeme inapita zote mbili kwa afya ya mapafu. Lakini tunajua umeme unavyokatika, na mama hawezi kungojea watoto wakilia njaa.

Kwa jamaa nyingi za kambi, mawazo yetu ni mbabula ya udongo iliyotengenezwa na fundi mnayemjua, ikitumiwa inje ao chini ya paa lililo wazi pande mbili kwa uchache. Ile ya peleti muichukue kama tu kuna muuzaji wa peleti karibu, aliyekwisha kuuza mwaka mzima bila kukosa, na kama mnaweza kutengeneza pepeo yake. Kule Gisenyi kampuni iliyogawa mbabula hizo ilifunga, na jamaa zikabaki bila peleti.

Msingojee pia kwamba mbabula mpya itafukuza ugonjwa wote wa kifua kwa watoto. Malawi walijaribu mbabula za pepeo kwa jamaa zenye watoto zaidi ya 10,000. Matokeo yalitangazwa: nimonia haikupungua. Watoto walikuwa bado wanavuta moshi wa takataka, wa tumbako, wa jirani. Mtoto anayekohoa na kupumua mbiombio aletwe dispansere siku ile ile, hata kama jikoni kwenu ni pasafi.

Kwa baridi ya usiku: bilanketi, soksi, watoto kulala pamoja, chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri katika kitambaa. Makala yabaki inje, mpaka yawe majivu baridi.

Na kama asubuhi mnakuta jamaa wote wanaumwa kichwa pamoja, wanatapika, ao mmoja haamki, msiseme ni malaria ya nyumba nzima. Fungueni milango yote, vuteni watu inje, lakini anayeingia kuwatoa asikawie ndani. Asiyepumua apuliziwe hewa kinywani, kama mlivyofundishwa katika masomo ya msaada wa kwanza. Halafu mpelekeni upesi hospitali, kwa sababu dawa ni oksijeni. Kwa hewa ya kawaida, nusu ya sumu inahitaji saa 4 ao 5 kutoka katika damu. Kwa oksijeni ya maski inatoka kwa saa moja na nusu hivi. Mama mwenye mimba aende hata kama anajisikia amepona, maana mtoto wa tumboni anaiacha sumu hiyo polepole kuliko mama.

Mkifika, waambieni wauguzi kwanza: kulikuwa na mbabula ndani ya chumba. Kile kipimo kidogo kinachowekwa kwenye kidole hakitofautishi monoksidi na oksijeni. Kinaweza kuonyesha 98 kwa mtu ambaye damu yake imejaa sumu, na kama hamkusema, anaweza kurudishwa nyumbani na kidonge cha kichwa.