Somo la Usalama Barabarani: Kulifufua Gari la Zamani kwa Safari za Kila Siku



Katika mji wetu wa Palma, gari dogo la zamani si pambo la mlangoni. Ni chombo cha riziki. Linampeleka mwalimu shuleni, linamtoa mgonjwa kijijini usiku, linabeba samaki asubuhi na abiria jioni. Wengi wa wenye magari haya hawakuyanunua mapya, wala hawatazamii kununua jipya karibuni. Walinunua saluni ya Kijapani iliyokwisha kuzunguka nchi mbili au tatu, nao sasa wanataka kuitengeneza, kuipendezesha na kuitegemea kila siku.

Nia hiyo ni njema, na somo hili halikusudii kuizuia. Lengo lake ni kumwezesha msomaji kupanga matengenezo kwa utaratibu unaookoa maisha kwanza, fedha pili, na kumridhisha moyo tatu. Wengi huanza mwisho: rangi mpya, rimu za kung'aa na redio kubwa, ilhali breki zinalia. Kuvaa kanzu mpya juu ya jeraha hakuponyi jeraha.

1. Kulichagua na kulitambua gari

Tuchukue mfano wa Toyota Corolla ya kizazi kilichotoka Japani mwaka 1995, ambayo mafundi wa pwani yote huiita 110. Ina injini ya lita 1.5 isiyo na mambo mengi, vipuri vyake hupatikana, na fundi wa kawaida anaweza kuifungua na kuifunga bila kompyuta. Kwa mahali penye mchanga na karakana chache, wepesi huo ni utajiri.

Kabla ya kununua, fungua boneti ukiwa na karatasi mkononi. Linganisha namba ya chasisi iliyogongwa kwenye bodi na ile iliyoandikwa kwenye livrete. Kisha fanya hivyo kwa namba ya injini. Angalia kama kuna alama za tupa au weldi mpya mahali pa namba. Namba zisipolingana, usikubali neno la "karatasi zitafuata". Gari lisilo na utambulisho halitakuwa lako hata ukilipaka dhahabu.

Mabadiliko ya mambo yaliyoandikwa kwenye livrete, kama vile rangi au injini, hayaishii kwa fundi. Yapelekwe kwa mamlaka ya usafiri wa barabara, INATRO, yakubaliwe na kuandikwa. Askari anayeona livrete ikisema "nyeupe" na mbele yake limesimama gari jekundu, analazimika kukusimamisha. Hafanyi hivyo kwa chuki; wezi wa magari nao hubadilisha rangi.

2. Kwanza lisimame

Fedha ya kwanza itumike kwenye breki na matairi. Hesabu ifuatayo itaonyesha sababu.

Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hukata karibu mita 17 kila sekunde. Dereva akimwona mtoto anavuka, sekunde moja hupita kabla mguu wake haujakanyaga breki. Mita 17 zimekwisha kwenda. Breki na matairi yakiwa mazima kwenye lami kavu, gari litahitaji takribani mita 20 zaidi. Jumla ni mita 37. Nguvu ya breki ikipungua kwa nusu, mita 20 zile huwa 40, na jumla huwa 57.

Tazama sasa jambo lenyewe. Pale ambapo gari zima limekwisha kusimama, lile bovu lingali linakwenda kwa zaidi ya kilomita 40 kwa saa. Dereva ni yule yule, mwendo ulikuwa ule ule, na macho yalimwona mtoto wakati ule ule. Kilichotofautiana ni bei ya pedi za breki.

Kagua pedi, diski, viatu vya breki vya nyuma na mabomba ya mpira. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya pwani yetu ina unyevu mwingi. Maji yakiingia, mafuta huchemka mapema na kanyagio huzama bila kushika. Yabadilishwe kila miaka 2, hata kama gari halikusafiri mbali.

Kwenye ubavu wa tairi pana tarakimu 4 za mwisho wa alama ya DOT. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka: 2318 maana yake juma la 23 la mwaka 2018. Tairi la mtumba laweza kuwa na kashata nzuri lakini mpira wake umekauka na kupasuka nyufa ndogo. Tena, wapitao njia za mchanga hupunguza upepo ili gari lisizame. Hilo ni sawa, mradi upepo urudishwe kabla ya kushika barabara ngumu. Tairi laini kwenye mwendo mkubwa hupata moto na kupasuka.

3. Pili lielekee unakotaka

Kamata tairi la mbele gari likiwa juu ya jeki na vigingi imara, ulitikise kushoto na kulia, kisha juu na chini. Likicheza, tairodi, bolijointi au bearingi imechoka. Barabara zetu za mchanga na mashimo humaliza vipuri hivi mapema, nayo bolijointi ikichomoka, usukani hauna tena neno la kusema.

Hapa ndipo ilipo desturi ya kuliinua gari kwa kuweka spesa juu ya springi. Sababu yake yaeleweka: tumbo la saluni hugonga matuta ya mchanga. Lakini kila sentimita unayoliinua hulifanya liwe jepesi kupinduka kwenye kona, huzilazimisha ekseli kufanya kazi kwa pembe isiyo yake, na huharibu mlingano wa magurudumu. Anayeona lazima ainue, ainue kidogo, kwa vipuri vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, si kwa vipande vya tairi kuukuu, kisha apime mlingano upya.

4. Tatu lione na lionekane

Taa za zamani hufifia kwa sababu ya vioo vilivyopauka na waya wa ethi uliooza kutu. Safisha hivyo kwanza. Kuweka balbu kali zaidi katika taa isiyoundwa kwa balbu hizo hakumsaidii dereva. Mwanga hutawanyika na kumpofusha anayekuja mbele, na mara nyingi huyo ni mwendesha pikipiki asiye na ngao yoyote.

Vioo vya giza vina tatizo lake la pekee hapa kwetu. Katika vizuizi vya barabarani, askari anayelinda mji anahitaji kuona nani yumo ndani. Gari asiloweza kuliona ndani humtia wasiwasi, na wasiwasi wa mtu mwenye silaha si jambo la kuchezewa na pande zote mbili. Punguza mwendo mapema, washa taa ya ndani usiku, teremsha kioo, weka mikono juu ya usukani, salimia.

5. Injini, joto na chumvi

Injini ya zamani hufa kwa joto kuliko kwa umri. Fundi akikushauri uondoe themostati "ili injini ipoe", mkatalie kwa upole. Kifaa hicho hufunga maji mpaka injini ifikie joto la kazi, karibu nyuzi 80. Kikiondolewa, injini hufanya kazi ikiwa baridi, hula mafuta mengi na kuchakaa. Tengeneza rejeta na feni badala yake. Wala usijaze rejeta kwa maji ya kisima cha karibu na bahari. Chumvi yake hutafuna chuma kutoka ndani.

Kutoka nje, chumvi hiyo hiyo hutafuna bodi. Aliyepita ufukweni aoshe chini ya gari kwa maji baridi siku ile ile. Kutu ikionekana kwenye mlango ni aibu. Ikiwa imeshika chasisi mahali pa kushikia springi, ni hatari.

6. Mwisho, urembo

Sasa pendezesha. Vitambaa vya viti, rangi, redio, vyote ni haki yako. Waya wa amplifaya upitie fyuzi karibu kabisa na betri, kwani waya usio na fyuzi ukichubuka huwasha moto chini ya zulia ukiwa safarini.

Na ekzosi tuizungumze wazi. Wapo vijana wanaokata sailensa ili gari linguruме na kutoa milipuko. Mahali pengine hilo ni kelele tu. Palma si mahali pengine. Tarehe 24 Machi 2021 mji huu ulishambuliwa, na watu kwa maelfu walikimbia kwa miguu, kwa mashua na kwa chochote walichokipata. Mlipuko mmoja wa ekzosi saa tatu usiku unaweza kumwamsha mtoto aliyejifunza kukimbilia msituni kabla ya kujifunza kusoma. Asiyeogopa faini, na amwogopee mtoto huyo.

7. Asili ya vipuri

Siku zile magari mengi yaliachwa barabarani na nyuani. Mengine yalichomwa, mengine yakavuliwa kipande kwa kipande. Kwa hiyo, unapoletewa gia boksi au mlango kwa bei ya kutupa, uliza ulikotoka. Mwenyewe huenda yuko Pemba, Nampula au Mtwara, akisubiri siku ya kurudi; au huenda hayupo tena, nao watoto wake ndio warithi. Kilichoachwa kwa hofu si kilichotupwa. Sheria humwadhibu mwizi, na humwadhibu pia anayenunua akijua.

Dai hati ya mauzo yenye jina la muuzaji, tarehe na maelezo ya kipuri, hata ikiwa imeandikwa kwa mkono. Ukiona gari lililotelekezwa, toa taarifa kituoni badala ya kulifungua.

8. Raia na askari

Beba livrete, hati ya umiliki, leseni, bima na uthibitisho wa ukaguzi, pamoja na pembetatu za tahadhari na fulana ya kuakisi mwanga. Askari akikuta kosa, una haki ya kuelezwa ni kosa gani, na faini huandikwa kwa hati rasmi. Fedha ya mkononi isiyo na hati si faini. Anayeiomba na anayeitoa wote wawili wanavunja sheria, na malalamiko hupokelewa kituoni. Heshima ya sare hulindwa na wananchi wanaouliza, si na wananchi wanaonyamaza.

Maswali ya kujipima

Ikiwa una fedha za kazi moja tu mwezi huu, breki au rimu, utachagua nini, na utamweleza vipi rafiki anayekucheka?
Matairi yako yalitengenezwa juma gani, mwaka gani?
Namba ya injini yako inalingana na livrete?
Kipuri ulichonunua mwisho kilitoka kwa nani?

Anayeweza kujibu maswali haya manne bila kusita ana gari la kutegemewa, liwe la mwaka wowote. Asiyeweza, na aanze kesho asubuhi, kabla ya kuwasha.