Mtoto Anayekojoa Kitandani kwa Hofu

Vita vilipoingia Bukavu mwezi wa Februari 2025, watoto wengi waliingiwa na hofu, hata hapa Nyawera. Mtoto aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani aweza kuanza tena. Huo si ukaidi wala uchawi, ni hofu. Ukimpiga au kumcheka, hofu huzidi. Baba na mama wakigombana mbele yake, hana tena mahali pa kukimbilia.

Basi fanyeni hivi:

1. Mbadilishieni nguo bila kumkaripia.

2. Mkikosana, semezaneni polepole, mbali na watoto.

3. Kuleni pamoja jioni. Mwacheni aseme aliyoyaona, nanyi msikilizeni.

4. Akiwa na homa, au akisikia maumivu akikojoa, au hofu isipopungua, mleteni hospitali.

Amani ya wazazi ni dawa ya kwanza ya mtoto.