K ya Kilosa, M ya Mikumi: Asili ya Herufi Zetu

Mwalimu aendaye Kilosa kwa mazoezi ya kufundisha hatakosa kumkuta, katika darasa la kwanza, mtoto aandikaye K iliyogeuka, mikono yake ikielekea kushoto. Wengi wetu hutia alama ya mkasi na kumwita mzito. Yafaa kwanza tuichunguze herufi yenyewe.

Yapata miaka 1800 K.K., Wasemiti waliokuwa Misri na Sinai walianza kuchora vitu ili kuonyesha sauti: sauti ya kwanza ya jina la kitu ndiyo iliyoandikwa. Kichwa cha ng'ombe kikaja kuwa A (ipindue, utaziona pembe). Mawimbi ya maji yakawa M, na kiganja kikawa K. Kwa bahati njema maneno yetu maji na kiganja yaanza kwa sauti zizo hizo, hivyo M ya Mikumi na K ya Kilosa zafundishika kwa picha. Bahati hiyo haiendi mbali. Ng'ombe haanzi kwa A, nasi tusilazimishe.

Wafoeniki waliandika kutoka kulia, na K yao ilitazama kushoto. Wayunani walipoipokea, karibu miaka 800 K.K., waliandika vivyo hivyo. Baadaye mstari huu ukaenda huku na ule ukarudi kule, kama ng'ombe wa plau, na herufi zikageuka pamoja nao. Tena herufi ambazo hawakuwa na sauti zake wakazifanya irabu, tendo kubwa kuliko yote. Kwa njia ya Waetruski zikawafikia Warumi.

Tawi jingine lilipitia Kiaramu hadi Kiarabu, likafika pwani yetu na kuingia bara pamoja na misafara. Lakini hati hiyo ina alama tatu za irabu, Kiswahili kina irabu tano: katika maandishi ya kawaida choma na chuma zililingana, msomaji akakisia. Tawi la Kirumi lilikuja na wamisionari, J. T. Last wa Mamboya, kaskazini ya Kilosa, alichapisha sarufi ya Kikaguru mwaka 1886.

Basi mtoto asomaye shuleni asubuhi na chuo cha Kurani jioni huenda kati ya hati mbili za ukoo mmoja. Si kila K iliyogeuka yatokana na hilo, maana watoto wengi hugeuza herufi. Mwulize kwanza mstari wake waanzia wapi. Kisha tia nukta ukingoni kushoto, aiandike K mchangani kwa kidole mara tatu nne, ndipo apewe kalamu.